Vitu vinavyoanguka kutoka juu: jinsi ya kumkinga mtoto, na la kufanya akiumia kichwa

Makala haya ni kwa mama, baba, bibi na kila mlezi anayeishi au kufanya kazi karibu na nyumba inayojengwa, kisima kinachochimbwa, duara la dhahabu, mti wenye mizinga au ghala la mpunga. Yameandikwa kwa kuangalia maisha ya kata ya Mamba na vijiji vingine vya Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, lakini mambo yake ni yaleyale popote penye kitu kilichowekwa juu na mtu aliye chini.

Mambo muhimu kwa ufupi

• Kitu kidogo kikianguka kutoka juu kinaweza kuua. Hatari hutokana na uzito pamoja na kimo.
• Mtoto aliye mgongoni hakingwi na kofia ya mama yake. Usipite naye chini ya watu wanaofanya kazi juu.
• Njia bora ya kinga ni tatu: funga kilicho juu, zuia watu wasipite chini, na usipande na kifaa kisichofungwa.
• Mtoto aliyegongwa kichwani anaweza kuonekana mzima kisha akazidiwa baadaye. Mwangalie kwa karibu kwa saa 48.
• Kuzimia, kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi mzito, au damu au maji kutoka sikioni na puani ni dalili za kumpeleka hospitali sasa hivi.

Kwa nini kitu kidogo huumiza sana?

Ukishika tofali la kuchoma mkononi, huoni hatari. Likianguka, mambo hubadilika. Kitu chochote kinachoanguka huongeza kasi kila kinavyoshuka. Kikitoka kwenye kimo cha mita 3, yaani kama kwenye kenchi za nyumba ya kawaida, hufika chini kikiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kikitoka mita 5 hufika na kasi ya kilomita 36 kwa saa. Kikitoka mita 10, kwenye tawi la mti mrefu, kasi hufika kilomita 50 kwa saa. Sasa fikiria tofali la kilo mbili na nusu likija na kasi hiyo kwenye kichwa cha mtoto wa miaka mitatu.

Jambo la pili ni muda. Kutoka mita 3, kitu hufika chini kabla ya sekunde moja kwisha. Kutoka mita 5 ni sekunde moja hivi. Fundi akipiga kelele "Angalieni chini!", neno lenyewe halijaisha na tofali limeshafika. Mtu mzima huenda akaruka pembeni. Mtoto mdogo hufanya kinyume: akisikia kelele husimama na kutazama juu. Ndiyo maana kupiga kelele peke yake si kinga.

Jambo la tatu ni mwili wa mtoto. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na mifupa yake ni myembamba. Utosi wa mbele mara nyingi hufunga kati ya miezi 12 na 18. Kabla ya hapo kuna sehemu ya kichwa isiyo na mfupa kabisa. Pigo ambalo kwa mtu mzima lingeacha nundu tu, kwa mtoto linaweza kupasua fuvu au kuvujisha damu ndani ya kichwa.

Kuna vitu vya namna mbili

Hatari hii imechunguzwa sana kwenye mitambo ya mafuta na gesi baharini. Hapa Tanzania gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu mwaka 2010 meli za kuchimba zimepata gesi kwenye kina kirefu cha bahari mbele ya Lindi na Mtwara. Kwenye mitambo ya aina hiyo watu hufanya kazi juu na wengine chini yao, mchana na usiku, huku upepo na chumvi vikila vyuma. Duniani kote kampuni za kazi hiyo hutumia chati inayolinganisha uzito wa kitu na kimo chake ili kujua kikianguka kitaumiza au kitaua. Chati hiyo inaonyesha wazi kwamba spana ndogo ikitoka juu sana ni hatari kuliko jiwe kubwa lililo usawa wa goti.

Wataalamu hao hugawa vitu hivi makundi mawili, na mgawanyo huo utakusaidia hata nyumbani:

1. Kinachoanguka chenyewe. Hakuna aliyekigusa. Kamba imeoza, msumari umelegea, mbao imeliwa na mchwa, upepo umevuma. Mfano ni jiwe lililowekwa juu ya bati, mzinga wa zamani, au tawi kavu.

2. Kinachoangushwa na mtu au kazi. Nyundo imeteleza mkononi, ndoo imegonga ukingo wa kisima, gunia limevutwa na la juu likafuata.

Cha kwanza huzuiwa kwa kukagua mara kwa mara. Cha pili huzuiwa kwa kupanga kazi vizuri kabla ya kuanza. Mlezi anahitaji yote mawili.

Mahali pa kuangalia katika mazingira yetu

Nyumba inayojengwa

Msimu wa kiangazi ndio msimu wa kujenga. Tofali zimeshachomwa, mavuno yamepatikana, na kila mtu anataka kuezeka kabla mvua ya Novemba haijaanza. Mafundi husimama kwenye jukwaa la mirunda na mbao, na saidia fundi huwarushia tofali kutoka chini. Wakati huohuo mama analeta maji ya kuchanganyia udongo, au mama lishe anapita na sufuria ya chakula, na mtoto yuko mgongoni.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Mama anapoinama kutua ndoo, mgongo wake hugeuka kuwa juu, na kichwa cha mtoto ndicho kinachotazama jukwaani. Hata kama mama amevaa kofia ngumu, mtoto hana kitu. Kwa hiyo:

• Usiingie eneo la ujenzi ukiwa na mtoto mgongoni. Mwache kwa mtu, au waite mafundi watoke kuja kula kivulini.
• Tua maji mbali na ukuta. Kanuni rahisi: umbali uwe angalau sawa na urefu wa ukuta wenyewe.
• Mwombe fundi afunge kamba au miti kuzunguka nyumba ili watoto na watu wanaopita wasisogee.
• Tofali zipandishwe kwa ndoo iliyofungwa kamba, na asiwepo mtu chini ya ndoo inapopanda.
• Jioni, mafundi wakiondoka, jukwaa lisibaki na tofali, nyundo wala vipande vya mbao. Watoto huja kucheza hapo baada ya fundi kwenda nyumbani.

Kama wewe ndiye mwenye nyumba, una haki ya kusema haya. Fundi anafanya kazi yako. Mwambie siku ya makubaliano, siku ileile mnapozungumza bei, si siku ya ajali.

Kisima na duara

Mtu aliye ndani ya shimo yuko chini ya kila kitu kilicho ukingoni. Kisima cha mita 20 ni kama jengo refu lililogeuzwa. Jiwe likidondoka kutoka ukingoni hufika chini baada ya sekunde mbili, likiwa na kasi ya karibu kilomita 70 kwa saa, na mchimbaji hana pa kukimbilia.

Mkoa wa Katavi una wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu, na akina mama wako pale pia: wanauza chakula, wanaponda mawe, wanaosha mchanga. Mara nyingi watoto wanawafuata. Kwenye duara na kisima, zingatia haya:

• Ukingo uwe msafi. Mawe, udongo uliochimbwa, sururu na ndoo viwekwe angalau hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa shimo.
• Kamba na kapi vikaguliwe kila asubuhi kabla mtu hajashuka. Kamba yenye nyuzi zilizokatika haifai, hata ikiwa "bado inavuta".
• Ndoo au kiroba kisijazwe hadi juu. Jiwe lililo juu ya ukingo wa ndoo ndilo linaloanguka ndoo ikigonga ukuta.
• Sururu na nyundo zishushwe zikiwa zimefungwa kwa kamba. Zisirushwe.
• Mtoto asikaribie mdomo wa shimo kamwe. Kokoto moja anayoisukuma kwa mguu kwa kucheza inaweza kumjeruhi baba yake aliye chini, na yeye mwenyewe anaweza kutumbukia.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, na kazi ya mgodini ni mojawapo. Kumpa mtoto kazi ya kuvuta kamba ya duara si msaada wa familia. Ni hatari kwake na kwa aliye chini.

Mti wa mizinga

Asali ya Katavi inajulikana nchini kote, na mizinga mingi bado hutundikwa juu ya miti porini na pembezoni mwa mashamba. Mzinga wa gogo ni mzito ukiwa mtupu, na huwa mzito zaidi ukijaa asali. Kamba ya gome iliyoufunga hupigwa na jua na mvua mwaka hadi mwaka. Mzinga ukianguka huleta madhara mawili kwa pamoja: pigo la gogo na hasira ya nyuki.

• Waonyeshe watoto miti yenye mizinga na uwaeleze wasikae kivuli chake, wasichungie mbuzi hapo, wala wasiurushie mzinga mawe.
• Mwenye mizinga akague kamba kila mara anapokwenda kurina, na abadilishe kamba kabla haijakatika.
• Wakati wa kurina, mzinga ushushwe kwa kamba taratibu na watu wote wakae mbali. Panga, ndoo na kifaa cha moshi vifungwe kiunoni au kwenye kamba, visipandishwe kwa kushikwa mkononi.

Mwembe

Msimu wa maembe ni msimu wa mikono kuvunjika na vichwa kupasuka. Watoto hurusha fimbo na mawe kuangusha maembe, na fimbo hiyohiyo hurudi chini juu ya mwingine anayeokota. Embe lenyewe lina madhara madogo. Fimbo, jiwe, tawi kavu na mtoto anayeanguka kutoka mtini ndivyo vyenye madhara makubwa.

Kwingine duniani hali ni kama hii. Mwaka 1984 daktari Peter Barss aliyefanya kazi Papua New Guinea aliandika kuhusu wagonjwa waliojeruhiwa na nazi zilizoanguka. Watu wengi walicheka waliposikia, lakini nazi moja inaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na mnazi ni mrefu. Wagonjwa wale walikuwa na majeraha ya kweli ya kichwa.

Weka utaratibu nyumbani: maembe yanachumwa kwa mti mrefu wenye kikapu au ndoano, na mchumaji mmoja. Wengine wanasubiri nje ya kivuli cha mti mpaka aseme "tayari". Kivuli cha mti mchana ni mpaka mzuri ambao hata mtoto wa miaka minne anauelewa.

Ndani ya nyumba na ghalani

Kabla hujafika mbali, tazama juu ukiwa chumbani kwako.

• Magunia ya mpunga. Gunia lililojaa linaweza kufika kilo 100. Yakipangwa wima hadi dari, mtoto anayapanda kama ngazi. Yapange kwa kupishana kama tofali, yasizidi kimo cha kifua, na ya chini yasivutwe kabla ya yale ya juu kushushwa.
• Mchi na kinu. Mchi ulioegemezwa ukutani huanguka ukiguswa tu. Ulaze chini.
• Televisheni, redio na kabati. Mtoto anayejifunza kutembea hushika waya au droo na kuvuta. Weka televisheni chini au ifunge ukutani, ficha waya.
• Kichanja na rafu ya vyombo. Vyombo vizito, vya udongo na vya chuma, vikae chini. Vyepesi vya plastiki vikae juu. Visu na panga visiachwe juu ya ukuta au kwenye kenchi.
• Mawe, matairi na sola juu ya bati. Jiwe lililowekwa kuzuia bati lisipeperushwe huwa ndilo linaloanguka mlangoni upepo ukija. Piga bati misumari ya kutosha badala ya mawe. Paneli ya sola ifungwe kwa skrubu, si kwa waya mwembamba.
• Tenki la maji. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Tenki likae kwenye mnara wa chuma au zege uliojengwa na fundi anayejua, na watoto wasicheze chini yake.

Kanuni nne za kukumbuka

Wanaofanya kazi juu, iwe baharini au Mamba, wanaweza kufuata kanuni hizihizi nne:

Funga. Kila kifaa kinachopanda kifungwe kamba fupi kiunoni au mkononi. Nyundo ikiteleza, inaning'inia. Kipande cha kamba kinatosha.

Hesabu. Vikipanda vifaa vitano, vishuke vitano. Kilichosahaulika juu ndicho kitakachoanguka kesho.

Zungushia. Weka mpaka chini unaoonekana: kamba, miti, matawi, hata mstari wa majivu. Usimtegemee mtoto kukumbuka. Mpe kitu cha kuona.

Kagua. Mara moja kwa wiki, na kila baada ya upepo mkali, zunguka nyumba yako ukitazama juu. Jiulize: ni nini kinaweza kuanguka hapa, na nani huwa anakaa chini yake? Kama jibu la swali la pili ni mtoto, hicho ndicho cha kushughulikia kwanza.

Kofia ngumu ni nzuri na mchimbaji au fundi anapaswa kuivaa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kinga. Lakini kofia ni kinga ya mwisho. Haizuii kitu kuanguka.

Mtoto amegongwa: fanya nini?

Vuta pumzi. Unachofanya katika dakika za mwanzo kina maana kubwa.

1. Angalia juu kwanza. Je, kuna kingine kitakachoanguka? Wazuie watu wasikimbilie hapo wote. Kama ni kisima au duara, usishuke bila kamba na bila watu wa kukuvuta.

2. Mwite jina na umguse begani. Je, yuko macho? Kama hayuko, anaitika ukimwita? Kama haitiki, anajitikisa ukimfinya? Kumbuka majibu haya. Mhudumu wa afya atakuuliza.

3. Angalia kama anapumua. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, ukigeuza kichwa, shingo na mwili kwa pamoja ili matapishi yasimkabe. Kama hapumui na kuna mtu anayejua kumpulizia pumzi na kubonyeza kifua, aanze mara moja huku wengine wakitafuta usafiri.

4. Linda shingo. Kama kilichomgonga ni kizito, au ameanguka kutoka juu, au analalamika maumivu ya shingo, usimkalishe wala kumbeba mgongoni. Mlaze kwenye ubao au mlango, mtu mmoja akishika kichwa kisiyumbe, na msafiri naye akiwa amelala.

5. Zuia damu. Bonyeza kitambaa safi au kipande cha kanga safi juu ya kidonda kwa dakika kumi bila kuchungulia. Ngozi ya kichwa hutoa damu nyingi, usiogope. Lakini kama mfupa umebonyea au unaonekana, usikandamize hapo. Funika tu taratibu.

6. Kama kuna kitu kimechoma na kubaki ndani, usikichomoe. Kizuie kisitikisike na uende hospitali nacho.

Kama ni gunia au gogo limemwangukia kifuani au tumboni, liondoeni haraka mkiwa watu wa kutosha. Kisha mpelekeni akaangaliwe hata kama hana kidonda. Tumbo kuuma na kuwa gumu, kupauka, kupumua kwa shida au mkojo wenye damu ni dalili za kuumia ndani.

Mpeleke hospitali sasa hivi ukiona

• Alizimia, hata kwa muda mfupi.
• Anatapika mara mbili au zaidi.
• Amepata degedege.
• Ana usingizi mzito na haamki vizuri, au haongei kama kawaida yake.
• Damu au maji meupe yanatoka puani au sikioni.
• Mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, au macho yamezungukwa na weusi.
• Mkono au mguu umelegea, au anatembea akiyumba.
• Kichwa kinauma na kinazidi.
• Mtoto mchanga analia bila kunyamaza, hanyonyi, au utosi umevimba.
• Ana umri wa chini ya mwaka mmoja. Huyu apelekwe hata kama anaonekana mzima.

Kutoka Mamba hadi hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mpanda ni mbali, na barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kwa hiyo usisubiri "tuone asubuhi". Nenda kituo cha afya kilicho karibu mara moja; wao ndio watakaoamua na kuitisha gari la wagonjwa. Jioni ikikukuta na mtoto mwenye dalili moja kati ya hizi, uamuzi ni ule ule: ondoka sasa. Unaweza pia kupiga 112 kwa dharura, au 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji mtu akiwa amenaswa.

Kama aliyegongwa ni mama mjamzito, na hasa akigongwa tumboni, aende kituo cha afya hata kama hasikii maumivu. Akiona damu, maji yakimtoka, au mtoto amepunguza kucheza tumboni, hiyo ni dharura. Namba ya usafiri wa dharura wa wajawazito, M-mama, ni 115.

Jeraha la ajali linaweza kuhitaji karatasi ya polisi, PF3. Usianzie huko. Mpeleke mtoto akatibiwe, na ndugu mwingine afuatilie karatasi.

Mambo ya kutofanya

• Usipake mafuta ya taa, udongo, majivu, majani wala dawa ya meno kwenye kidonda. Huleta maambukizi, na pepopunda ni mojawapo.
• Usimpe aspirini, diklofenaki wala dawa za usingizi. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake inatosha.
• Usimlazimishe kula au kunywa kama ana usingizi usio wa kawaida. Mtoto aliye macho vizuri anaweza kunyonya.
• Usimkande nundu kwa maji ya moto wala kuikandamiza kwa nguvu. Weka kitambaa cha maji baridi.
• Usimcheleweshe kwa tiba za nyumbani anapopata degedege baada ya kugongwa. Wengine hudhani ametupiwa kitu kibaya. Degedege baada ya pigo la kichwa ni ishara ya ubongo kuumia, na kila saa ina thamani.

Akirudi nyumbani

Daktari akisema mtoto anaweza kurudi nyumbani, kazi yako haijaisha. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya kichwa. Kaa naye kwa saa 48. Anaruhusiwa kulala, si kweli kwamba akilala atakufa. Lakini usiku mwamshe mara chache, uone kama anakutambua, anajibu, na kusogeza mikono na miguu yote. Kama haamki vizuri, rudi hospitali usiku huohuo.

Kwa wiki moja au mbili asipande miti, asicheze mpira wa kugongana, wala asibebeshwe mzigo kichwani. Mwambie mwalimu wake. Mtoto anaweza kusahau masomo, kukasirika haraka au kuogopa kelele kwa muda. Mara nyingi hupona. Kama hali haibadiliki, mrudishe akaangaliwe.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama alikuwa na kidonda, na ubebe kadi yake ya kliniki.

Maswali ambayo akina mama huuliza

"Amegongwa, amelia kidogo, sasa anacheza. Nimpeleke?" Kama amezidi mwaka mmoja, alilia papo hapo, hakuzimia, hana dalili hata moja na kilichomgonga kilikuwa chepesi, mwangalie nyumbani kwa saa 48. Kama kilikuwa kizito au kilitoka juu ya kimo chake mara mbili, mpeleke.

"Nundu kubwa ni mbaya kuliko ndogo?" Si lazima. Nundu laini, hasa pembeni ya kichwa juu ya sikio, kwa mtoto mdogo, inaweza kuficha ufa. Aonwe.

"Mume wangu ndiye fundi. Nitamwambiaje bila kugombana?" Anza na mtoto, si na kazi yake. Mwambie, "Baba fulani, mtoto anapenda kukufuata. Tuzungushie kamba ili nisiwe na wasiwasi." Kisha nenda naye mkafunge pamoja.

Anza leo

Usisubiri semina wala kikao cha kijiji. Leo jioni, kabla ya kufunga kuku, zunguka nyumba yako mara moja ukiwa unatazama juu. Shusha mchi. Ondoa jiwe moja juu ya mlango. Vuta kamba ya kisima uone nyuzi zake. Kisha waite watoto na uwaonyeshe mpaka wa kivuli cha mwembe.